Fundi Redio Anastahili Sheria, Siyo Dhihaka

Maofisini na majumbani imezoeleka kauli moja: redio kubwa ya stirio iliyozeeka haitengenezeki, itupwe, inunuliwe mpya. Kauli hii husemwa kwa sauti ya maendeleo. Mimi naiita uvivu wa fikra, na gharama yake humwangukia mkulima wa Mbulu au Hanang aliyeinunua redio hiyo kwa fedha za mavuno.

Tuanze na ukweli wa kiufundi. Mtambo wa miaka thelathini ni nadra kufa wote kwa pamoja. Spika zikinguruma hata sauti ikiwa imepunguzwa kabisa, mshukiwa wa kwanza ni kapasita za kuchuja umeme, ambazo majimaji yake ya ndani hukauka kadiri miaka inavyopita. Sauti ikikwaruza kila unapozungusha kitufe chake, mara nyingi ni uchafu tu. Upande mmoja ukinyamaza, kisha ukarudi redio inapogongwa, yawezekana lehemu imepasuka. Fundi makini huanza na fyuzi na umeme unaoingia, akapima hatua kwa hatua kwa mita. Kabla ya kugusa kitu huondoa chaji iliyobaki katika kapasita kubwa, maana huweza kumdhuru mtu hata waya ukiwa umechomolewa ukutani. Dalili, dhana, kipimo, uamuzi: ndiyo sayansi tunayoihubiri vyuoni, nayo hutendwa kila siku katika vibanda vya Katesh, Haydom na Dongobesh.

Watetezi wa kutupa watasema vipuri ni adimu na redio mpya ni rahisi. Kapasita moja ni sehemu ndogo mno ya bei ya redio mpya, na huweza kutumwa kwa basi kutoka Arusha. Kilicho adimu kweli ni michoro ya saketi, ambayo watengenezaji huificha.

Hanang haikupaswa kukumbushwa somo hili. Mashamba ya ngano ya NAFCO, takriban ekari 100,000 zilizomegwa katika malisho ya Wabarabaig, yalitegemea msaada wa Canada, mashine za kigeni na vipuri vya kuagizwa. Msaada ulikoma katika miaka ya 1990, na hatimaye mashamba yakabinafsishwa. Kule Kainam, Mbulu, Wairaqw walilima udongo uleule kizazi baada ya kizazi kwa samadi na kwa kuzuia mmomonyoko. Ni nani kati ya hao wawili aliyekuwa wa kisasa?

Juni 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza bidhaa kama mashine za kufulia, majokofu na simu. Matajiri wamelitambua hilo. Sisi tusio na cha kutupa tunasubiri nini?

Madai ni matatu. VETA, ambayo tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, iufikishe hadi minadani, fundi apimwe hapo alipo na apewe cheti. Mwagizaji wa vifaa vya umeme alazimishwe kutoa michoro na kuuza vipuri. Na ofisi ya umma isifute kifaa chochote katika daftari la mali kabla ya fundi kukipima na kuandika ubovu wake. Mtumishi unayesoma haya, hilo la tatu halihitaji Bunge. Anza nalo Jumatatu.