Wacheni Kuuziwa Baridi: Joto la Laptopu Si Mechi ya Windows na Linux

Wasee, tuongee ukweli. Kuna picha mbili zinazozungushwa kwa simu zetu kila mara. Ya kwanza ni laptopu iko na Windows, nyuzi 68. Ya pili ni laptopu hiyo hiyo iko na Linux, nyuzi 45. Chini yake msee ameandika: "Hama leo." Kabla wiki iishe, mwingine anaposti kinyume: Linux inachoma mapaja, Windows iko baridi kama asubuhi ya Limuru. Basi watu wanagawanyika kama Gor na Ingwe.

Mimi nasema wote wawili wanatuuzia hewa. Nambari zao zinaweza kuwa za kweli kabisa. Maana wanayozipa ndiyo inatupoteza.

Prosesa inapata joto kwa sababu inakula umeme, na inakula umeme kwa sababu imepewa kazi. Mfumo endeshi kazi yake ni kuamua mambo gani yafanywe, kwa kasi gani, na kifaa kipi kilale. Ukiwasha Windows, mara nyingi kuna kazi zinaendelea chini ya maji: inatafuta apdeti, inakagua virusi, inapanga orodha ya mafaili yako ndio uyapate haraka. Ukipiga picha dakika ya tatu, umepima hizo kazi. Linux uliyoinstoli jana haina hata picha za harusi ya anti za kupanga. Ni kama kulinganisha moyo wa mtu anayepanda ngazi za KICC na wa mtu ameketi Uhuru Park, halafu utangaze wa pili ndiye mwenye afya.

Sasa geuza upande. Prosesa nyingi za siku hizi zina sehemu maalum ya kucheza video bila jasho. Lakini kwa miaka mingi brauza za Linux hazikuwa zinaitumia zenyewe, kwa hivyo mzigo wote uliangukia prosesa na feni ikaanza kulia. Firefox iliwasha huo uwezo kwa chipu za Intel kwenye Linux mwaka wa 2023, toleo la 115. Kwa hivyo ukiwa na brauza ya zamani, video ile ile inaweza kukupandishia joto, na Linux yenyewe haina makosa. Na kama laptopu yako ina kadi ya NVIDIA na draiva haijui kuilaza, itakula umeme hata ukiwa unaandika tu CV.

Wanaoabudu nambari ndogo, hii itawauma. Chukua ThinkPad T480, ya 2018, ambayo leo utaipata kwa maduka ya laptopu za mitumba hapo mjini. Watumiaji wake wa Linux waligundua kuwa prosesa ilikuwa inapunguzwa kasi ikifika karibu nyuzi 80, wakati kwenye Windows iliachwa mpaka karibu 97. Ukipiga picha hapo, Linux inashinda. Lakini mashine ilikuwa imeshikiwa breki! Ilikuwa baridi kwa sababu ilikuwa inafanya kazi polepole. Watu wakaandika programu yao wenyewe ya kuondoa hiyo breki. Nambari ndogo peke yake haikuambii kitu.

Hata kipimo chenyewe kina maneno. Ndani ya laptopu kuna vipimajoto kadhaa. Programu moja inakuonyesha sehemu ya prosesa yenye joto kuliko zote, nyingine inakusomea ubao mzima. Na usijilinganishe na mtu wa ng'ambo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa. Feni ikizunguka kasi ile ile, inabeba joto kidogo. Ongeza blanketi uliyoweka chini ya laptopu hapo Kawangware, utajua hujui.

Mbona nakasirika? Kwa sababu kuna mtu analipa. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za Intel kizazi cha 6 na cha 7 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mwanafunzi wa Kangemi mwenye mashine kama hiyo anaambiwa, "Weka Linux, itapoa." Anatoa pesa ya fare ya wiki nzima, mafaili yanafutwa, na baada ya siku chache feni inalia vile vile. Ndani kumejaa vumbi, na ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupoza imekauka kama ugali wa jana. Hakuna mfumo endeshi unaofagia vumbi.

Kuna sababu poa za kuhamia Linux: ni ya bure, na inapata apdeti za usalama kwa mashine ambayo Microsoft imeikataa. Mwambie huyo mwanafunzi hivyo. Usimuuzie baridi.

Na ukitaka kunionyesha tofauti, pima vizuri. Chumba kimoja, meza moja, chaja imechomekwa pande zote mbili. Ngoja dakika kumi na tano baada ya kuwasha. Cheza video ile ile kwa brauza ile ile, tumia programu zinazosoma kipimajoto kimoja, kisha uipe laptopu kazi nzito na uhesabu imemaliza kwa dakika ngapi. Lete joto na muda pamoja.

Lakini kwanza, maze, fungua hiyo mashine utoe vumbi.