Kulinda Ziwa ni Kulinda Mazalia ya Samaki

Mvua zinyeshapo juu ya Milima ya Rwenzori, mito ya Wilaya ya Kasese hufurika. Nyamwamba na Mubuku hushuka hadi Ziwa George. Nyamugasani, pamoja na Lhubiriha unaopita Mpondwe karibu na Bwera, huelekea Ziwa Edward. Sisi askari huyaona mafuriko hayo kuwa ni adha ya barabara na madaraja. Kwa samaki, huo ndio msimu wa kuzaa.

Kisinja, ambaye ni wa ukoo mmoja na ningu, huliacha ziwa na kupanda mtoni kutafuta changarawe na maji yaendayo kasi ili atage mayai. Kambare huingia katika mabonde yaliyofurika. Ngege hapandi mto; yeye huzaa kwenye maji mafupi ya kando, kisha mama hubeba mayai na vifaranga kinywani mwake. Kwa hiyo mtu anayeziba mdomo wa mto kwa nyavu, au anayeburuta kokoro ukingoni, huangamiza samaki wa leo pamoja na wa mwaka ujao.

Yaliyompata ningu wa Ziwa Victoria yatufunze. Wavuvi walizijua siku zake za kupanda mito kama Nzoia na Kagera, wakatanda nyavu midomoni mwa mito hiyo. Nyavu za nailoni zilipoenea, samaki huyo aliyekuwa riziki ya maelfu akapungua mno, na hajarudia wingi wake wa zamani.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa Ziwa George, lenye eneo la kilomita za mraba 250 hivi na kina cha wastani kisichofika mita 3. Mialo ya Katwe, Kayanja, Hamukungu na Kahendero imezungukwa na Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na wakazi wake hawaruhusiwi kulima. Samaki ndiye shamba lao. Mama anayekausha samaki Katwe, na mchuuzi anayempeleka soko la Mpondwe, wote humtegemea yeye kwa chakula na karo ya watoto.

Mwaka 2017 serikali iliwatuma wanajeshi maziwani kukomesha uvuvi haramu. Nyavu na mitumbwi isiyoruhusiwa ilichomwa moto, na malalamiko ya wavuvi juu ya ukali wa kazi hiyo yakafika hadi Bungeni. Hatuna budi kuyapima malalamiko hayo kwa utulivu. Sheria ni lazima ifuatwe, lakini kuchoma wavu baada ya samaki kufa hakumrudishi samaki majini. Kulinda midomo ya mito kwa majuma machache ya mvua kuna faida kuliko kumfukuza mvuvi maskini mwaka mzima.

Huko Bangladesh, katika Mto Halda, wavuvi hungoja ngurumo na mvua za Aprili hadi Juni. Samaki wakubwa wa ukoo wa ningu wanapotaga, wavuvi huyakusanya mayai kwa nyavu laini, huyaangua, kisha huwauzia vifaranga wenye mabwawa. Mwaka 2020 walikusanya zaidi ya kilo 25,000 za mayai. Kuwavua wazazi ni marufuku, na wavuvi wenyewe wana sababu ya kuwalinda, kwa maana samaki aliye hai ndiye anayewapa fedha. Kwetu Uganda, wataalamu wa kituo cha Kajjansi wameonyesha kwamba ningu na kisinja wanaweza kuzalishwa kwa mikono ya watu. Kazi kama hiyo, ikiongozwa na wataalamu, ingeweza kuwapa vijana wa Kasese na Bwera riziki ya halali.

Tusisahau pia kwamba sehemu kubwa ya Ziwa Edward imo Kongo. Julai 2018 majeshi ya pande mbili yalirushiana risasi ziwani humo. Mwaka huohuo serikali zetu zikatia sahihi mapatano ya kutunza uvuvi kwa pamoja. Samaki hajui mpaka.

Basi askari au polisi atakayepangiwa kazi mialoni na aijue misimu ya samaki kama aijuavyo zamu yake. Aonye kabla ya kukamata, aeleze kabla ya kuadhibu, na asipokee kitu kutoka kwa mwenye kokoro. Wananchi wakiuona uadilifu huo, watatuonyesha wao wenyewe mahali nyavu haramu zilipofichwa.