Kofia ya Mjerumani Ina Bei, Mpagazi Je?

Mwezi uliopita nilikwenda Webuye kuhudhuria harusi ya binti wa rafiki yangu. Asubuhi ya pili, nikiwa nimeketi mkahawani karibu na stendi ya matatu nikingoja chai, alinijia kijana mmoja nadhifu, akanitazama kichwani kabla hajanitazama usoni.

“Shikamoo mzee,” akasema. “Naona wewe ni mtu wa Pwani, na watu wa Pwani hawakosi vitu vya kale. Huna kofia ya Mjerumani?”

Nikaishika kofia yangu ya viua, nikamwambia kwamba hii ya kwangu imeshonwa Lamu. Akacheka, kisha akatoa simu akanionyesha picha. Ilikuwa kofia ya ngozi nyeusi inayong'aa, ina tai wa shaba kwenye paji, na utosini ncha kama ya mkuki. Akanieleza kwamba yuko mnunuzi Nairobi, naye mnunuzi huyo ana mtu wake Ulaya, na kwamba kofia ya afisa huleta fedha nyingi kuliko ya askari wa kawaida. Wiki mbili alikuwa akizunguka Bungoma na Kitale, akiulizia kwa wazee.

Wasomaji wangu, kofia hiyo Wajerumani huiita Pickelhaube. Jeshi la Prussia liliianza mwaka 1842. Vita vya 1914 vilipopamba moto ikadhihirika kwamba ngozi haizuii vipande vya mizinga, na mwaka 1916 kofia ya chuma ikaanza kuchukua nafasi yake. Vita vilipokwisha, mwaka 1919, serikali ya Marekani ilizitumia kofia zilizotekwa kuwavutia raia wanunue hati za mkopo wa vita, na maelfu yake yakapangwa kama piramidi mjini New York. Wakusanyaji wa leo huitambua ya afisa kwa mapambo yake: tai aliyepakwa dhahabu, hariri kwa ndani, na misumari yenye vichwa vya umbo la nyota. Na penye bei hapakosi mwenye kughushi. Ziko kofia zilizotengenezwa juzi zikapakwa uzee.

Nilimwuliza kijana yule kama ana hakika kwamba kofia hiyo iliwahi kufika huku. Katika vita vya Afrika Mashariki, afisa wa Kijerumani alivaa kofia nyepesi ya kukinga jua, na askari wake Mwafrika alivaa kofia ya khaki yenye kitambaa cha kufunika shingo. Ile yenye ncha haikuwa vazi la porini. Ni kweli Wajerumani walifika karibu: Septemba 1914 walipigana na Waingereza Kisii. Juni 1915 jeshi la Mwingereza liliondoka Kisumu kwa meli, likavuka ziwa, likaiteka Bukoba na kuipora. Kisha ukaja mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia askari wa Kizungu mashamba, na wengi wakapewa huko Trans Nzoia. Kama ipo kofia ya namna hiyo iliyofika pande hizi, nadhani ilikuja sandukuni mwa mmoja wa hao, na yamkini iliondoka naye.

Basi kijana alikuwa akitafuta kitu ambacho ni kama hakipo. Lakini kwenye meza ya pili alikuwako mzee aliyetusikiliza kimya muda wote. Nikamwamkia, nikamwuliza kama ana habari yoyote ya vita vile.

“Kofia sijaiona,” akasema. “Lakini babu yangu alichukuliwa kwenda Kariakoo, hakurudi. Kaburi lake hatulijui.”

Kijana alikuwa amefika nyumbani kwa mzee huyo siku mbili kabla. Aliuliza kofia, hakuuliza babu.

Naam, hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kariakoo ni jina walilolipa wananchi jeshi la wapagazi la Mwingereza. Mwaka 1917 vijiji vilikombwa vijana, na sehemu za Nyanza, ambazo wakati ule zilijumlisha nchi hii ya Wabukusu, zilitoa wengi sana. Hesabu za Waingereza wenyewe zataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wako wanahistoria wanaokisia kwamba idadi ya kweli yakaribia 100,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, malaria na kuhara, huku mizigo ya wengine ikiwa vichwani mwao. Nairobi, kwenye barabara ya Kenyatta, pana sanamu ya watu watatu wa vita hivyo, na mmoja wao ni mpagazi. Sura anayo, jina hana.

Sheria nayo haimfikii. Sheria yetu ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakiita cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka huohuo wa 1895, juu ya kilima cha Chetambe kinachoutazama mji wa Webuye, Wabukusu walijikinga ndani ya boma la udongo na handaki, wakashambuliwa kwa bunduki ya Maxim, wakafa kwa mamia. Sheria inalinda vitu, soko linatafuta vitu. Kumbukumbu ya mzee yule hailindwi na yeyote.

Simlaumu mwenye kukusanya, la hasha. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mtu mmoja, Kanali Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu kwa miaka mingi, akaanzisha makumbusho yake mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 akayaachia taifa. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1974. Ikiwa kipepeo alistahili kuandikiwa jina lake na siku aliyonaswa, je, mpagazi?

Webuye ni mji uliojulikana kwa kutengeneza karatasi. Nawaomba walimu wa Bungoma na Trans Nzoia wawape wanafunzi daftari, kila mmoja awaulize wazee wa kwao mambo matatu: nani alichukuliwa, mwaka gani, na aliacha nani nyumbani. Madaftari hayo yapelekwe Kitale. Gharama yake haifiki bei ya kofia moja.

Kijana aliniachia nambari yake ya simu. Mzee aliniachia jina la babu yake, nami nimeliandika. Jamaa zake wakiridhia, nitalichapa hapa hapa, inshallah.

Kofia yenye mkuki, bei yake yajulika,
Mpagazi hasemeki, jina lake lafutika,
Sokoni hatafutiki, kwa wino ataokoka,
Wazee wakiondoka, tutamuuliza nani?