Mtoto Akivimba Tumboni, Mama Asisahauliwe

Miongoni mwa misiba ya uzazi inayopita kimya kimya katika visiwa vyetu ni ule wa mtoto anayejaa maji mwilini kabla hajazaliwa. Madaktari huyaita maradhi haya haidropsi fetalisi. Maji hukusanyika chini ya ngozi ya mtoto, tumboni mwake, kifuani na kandokando ya moyo, na wengi wao hufa kabla ya kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Majumbani husemwa ni kijicho, au ni mkono wa mtu, na mama hutulizwa kwa kuambiwa kuwa atapata mwengine. Hatuna ugomvi na maneno ya faraja. Tunalolihofia ni kwamba yakishasemwa hayo, hapana anayeuliza mtoto alivimba kwa sababu gani, wala mama yake yu katika hali gani.

Na mama naye yumo hatarini. Mwaka 1892 daktari wa Scotland, John Ballantyne, alieleza jinsi mwili wa mja mzito unavyoweza kuiga hali ya mtoto aliyemo ndani, kama kioo kinavyoiga sura: mtoto akivimba, mama naye huvimba. Uzito wake hupanda kwa siku chache, shinikizo la damu hupaa, na maji huweza kumwingia mapafuni akashindwa kupumua. Kondo la nyuma huwa kubwa kupita kiasi, na baada ya kujifungua damu huweza kumtoka isisimame. Kwa hiyo mja mzito anayevimba uso na mikono kwa ghafla asiambiwe kuwa ndiyo mimba ilivyo. Apimwe shinikizo la damu na mkojo, apigwe picha ya altrasaundi, na akionekana kuwa mtoto amejaa maji, apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, wala asingojee siku zake zitimie.

Sababu za maradhi haya ni nyingi, na baadhi yake, kama vile kasoro za moyo wa mtoto, haziko katika uwezo wa mkunga. Lakini ziko mbili ambazo hatuna udhuru kwazo. Ya kwanza ni kaswende. Tone la damu la kidoleni hutoa jibu kwa kiasi cha dakika 20, na tiba yake ni penisilini, dawa ya miaka mingi isiyo na ghali. Mume naye hana budi kutibiwa. Akijificha, kazi yote ni bure.

Ya pili ni kutopatana kwa damu ya mama na ya mtoto. Mama mwenye damu hasi, yaani isiyo na resusi, akibeba mtoto mwenye damu chanya aliyoirithi kwa baba, kwa kawaida mtoto wa kwanza husalimika. Wakati wa kuzaa, au mimba inapoharibika, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama, na mwili wa mama hutengeneza kinga ya kuipiga. Kinga hiyo humngojea mtoto wa pili. Humvunja chembe za damu mpaka moyo wake ushindwe kazi na maji yamjae. Ndiyo maana mama aliyejifungua salama mara ya kwanza hudhani kuwa hana la kuogopa.

Kinga ya balaa hili ilianza kutumika mwaka 1968. Ni sindano ya anti-D, ambayo hutolewa mimba ikiwa ya wiki 28, na tena katika saa 72 baada ya kujifungua, mtoto akionekana ana damu chanya. Siku tatu si haba kwa mkaazi wa mjini. Kwa mzazi wa Kojani, Tumbatu au Kisiwa Panza aliyejifungulia nyumbani wakati wa upepo mkali, asiyejua damu yake ni ya kundi gani, siku hizo hupita akiwa bado kitandani.

Tunajua kuwa Waafrika wenye damu hasi ni wachache, ilhali kwa Wazungu ni kiasi cha watu 15 katika kila 100. Uchache huo ndio unaofanya wasahauliwe. Tunajua pia kuwa dawa hii hutokana na damu ya binadamu: James Harrison wa Australia, aliyefariki mwaka 2025, aliitolea maji ya damu yake zaidi ya mara 1,000. Haishangazi kuwa ina bei. Lakini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kumwongezea damu mtoto aliyemo tumboni, kazi aliyoianza Liley huko New Zealand mwaka 1963, kunahitaji mabingwa na mitambo ya gharama kubwa zaidi.

Yafaa basi kundi la damu la kila mja mzito liandikwe katika kadi yake siku ya kwanza anapofika kliniki, na wakunga wa visiwa vidogo wawajue kwa majina wenye damu hasi, ili wavushwe mapema wakajifungulie palipo na dawa. Nayo Wizara ya Afya tunaiomba itangaze, kabla kusi halijaanza, ni vituo vipi vya Unguja na Pemba vilivyo na sindano hiyo katika majokofu yake, na ni vipi havina.