Land Rover ya Umau si Mkebe, na Haiuzwi

Wasee, wiki jana niliposti vidio ya sekunde 40. Ni injini ya Land Rover ya umau wangu ikiwaka kwa mara ya kwanza tangu 2005. Nilidhani mtafurahi na sisi. Wengi mlifurahi, asanteni. Lakini kuna maoni 3 yalinifuata hadi kitandani.

La kwanza: "Hiyo pesa yote si ungenunua Vitz?" La pili: "Hizo ni hobi za wazungu wa Karen." La tatu ndilo lilinichoma: "Baada ya Juni 2024 bado unang'arisha gari la jeshi?"

Leo najibu yote, na la tatu sitalikwepa.

Kwanza mjue ni gari gani. Ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Umau alikuwa dereva jeshini, na baada ya kustaafu akainunua kwa mnada wa serikali, tayari ikiwa imechoka. Aliitumia kubeba maji na mahindi kule Kathiani mpaka siku ilipokataa. Ikaachwa chini ya mwembe. Kuku wakafanya kiti cha dereva mahali pa kutagia. Miaka 2 iliyopita tuliivuta hadi kwa ploti yetu Kinanie, huku karibu na EPZ, na tangu hapo Jumamosi jioni na Jumapili baada ya kanisa ni spana, msasa na kelele za umau akikaa kwa kiti cha plastiki akituambia tunakosea.

Sasa hiyo pesa ya Vitz. Sisi tuna kopo la maziwa ya unga. Kila mwezi mimi, buda na mathe tunaweka 2,000 kila mmoja. Kopo likiisha, kazi inalala. Hakuna Fuliza, hakuna mkopo wa simu, hakuna kugusa chama ya mathe. Piga hesabu: kwa miaka 2 ni 144,000. Mwenye anajua Vitz ya 144,000 inayotembea anitumie namba, nakuja na buda kesho asubuhi.

Hiyo pesa imetufikisha hapa kwa sababu hii gari iliundwa irekebishwe na mwenyewe. Sehemu kubwa ya bodi imefungwa kwa bolti. Madigadi ya mbele unayafungua kwa spana na unaweza kuyabeba kichwani. Ni alumini. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma ni cha mgao, ndio maana wakatumia alumini. Chasisi sasa ndiyo ya chuma, na hapo ndipo shida inaanzia. Pale alumini inagusana na chuma na maji yanapita, alumini inalika polepole na kubaki unga mweupe.

Dada yangu mdogo yuko Form 4, na yeye ndiye alitueleza. Metali mbili tofauti zikigusana na kuna maji, hiyo ni betri. Ile inayopoteza elektroni kwa urahisi ndiyo inaliwa. Dawa yake kwetu ilikuwa rangi na vipande vya tyubu ya baiskeli katikati. Hiyo topiki mimi niliisoma, nikaipita kwa mtihani, na sikuwahi kuielewa hadi niliposhika ule unga kwa vidole. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinisome vibaya. Sisemi shule ni bure. Nasema kuna vitu mwili lazima uvishike ndio kichwa kikubali.

Twende kwa mambo ya "wazungu wa Karen".

Sikatai, hii gari asili yake ni Uingereza. Maurice Wilks alipata wazo baada ya kutumia Jeep ya Marekani iliyobaki vitani. Lakini hapa Kenya, Land Rover ziliunganishwa Thika, kwa kiwanda cha Leyland Kenya, kile tunaita KVM siku hizi. Waliofunga hizo bolti walikuwa Wakenya. Waliozirekebisha miaka yote hii ni mafundi wa Grogan pale Kirinyaga Road, na mafundi wa chini ya mti kila kaunti. Sasa inakuwaje mtu wa kuitengeneza ni sisi, lakini mtu wa kuifurahia ni mwingine?

Ukienda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ile ya Alfa Romeo Owners Club, utaona magari ya zamani yamepanguswa hadi chini ya injini, na watu wamevaa kofia za bei wakipiga makofi. Poa sana, mimi mwenyewe natamani kwenda na umau. Lakini buda akilala chini ya gari lile lile Kinanie, kwa ile matope nyeusi yetu ya Athi River, watu wakipita wanasema mzee ameshindwa na maisha. Kazi ni ile ile, grisi ni ile ile. Ukiwa na pesa unaitwa mtunzaji wa historia, ukikosa unaitwa mtu wa mikebe. Hapo ndipo nakataa.

Haya, la tatu.

Tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa tao. Nilikimbia gesi kama nyinyi. Siku hiyo hiyo serikali ikatangaza jeshi litaingia kusaidia polisi. Kwa hivyo aliyeandika yale maoni hajakosea kuuliza. Kuna watu wakiona gari la kijani mwili unashtuka, na huo mshtuko hawakuuomba.

Nilimpelekea umau hilo swali. Aliniambia yeye alibeba maji, mahema na wagonjwa, na gari haliendi bila mtu. Nikamwambia hilo ni jibu la nusu, kwa sababu gari pia halikatai mtu. Alinyamaza. Wiki 2 hatukuelewana. Yeye alitaka rangi ya kijani irudi vile ilivyokuwa, mimi nikasema nikiendesha hiyo kitu Mlolongo ikiwa kijani, kuna mama ataficha watoto. Na pia, kwa nchi ambayo kuvaa nguo za jungle bila kuwa askari ni kosa, nani anataka kuanza kujieleza kwa kila kizuizi?

Tukapaka rangi ya maziwa. Umau aliomba kitu kimoja tu. Tulipokwangua matope chini nyuma, tulikuta difu imepakwa rangi nyeupe. Alitueleza kwamba usiku msafara ukienda bila taa kubwa, kuna kataa kadogo kanamulika ile nyeupe, na dereva wa nyuma anafuata hiyo tu. Aliendesha hivyo usiku mzima akiwa na miaka kama yangu, macho yakiuma. Hadithi hiyo hata buda alikuwa hajawahi kuisikia. Ile nyeupe tumeiacha.

Hilo ndilo jibu langu: si lazima uitukuze silaha ndio umsikilize mzee wako. Lakini mzee hakai tu siku moja akaanza kukuhadithia maisha yake. Anahitaji kitu cha mkono kufanya. Ile gari ndiyo ilimfungua mdomo.

Sasa niwaambie kitu sikuweka kwa vidio. Mwaka jana kandarasi ya mathe kiwandani iliisha na ikakaa miezi 2 bila kurudishwa. Wakati huo huo jamaa mmoja wa Nairobi akaleta laki 5 kwa Land Rover vile ilivyokuwa, na karo ya dada yangu ilikuwa haijalipwa. Nitakuwa mkweli, mimi nilisema tuuze. Nilikuwa nishaanza kuandika maneno ya vidio ya kuaga.

Buda akauliza swali rahisi: ni pesa ngapi tunahitaji, si ni pesa ngapi tunapewa. Tulihitaji karo ya muhula. Umau alikuwa amefunga paa gumu la alumini miaka ya nyuma, na hizo zinatafutwa sana. Tukauza paa. Karo ikalipwa, gari likabaki uchi. Kama paa lisingetosha, gari lingeenda, na ningewaambia hivyo hapa bila aibu. Hobi inayokula karo si hobi, ni ugonjwa.

Gari bila paa linahitaji turubai, vile lilitoka jeshini. Na hapa ndipo mathe aliingia. Mathe ameshona kwa viwanda vya EPZ miaka 14. Suruali zikimalizika zinaingia kwa kontena, zinaenda Mombasa, zinaenda Marekani. Hajawahi kukutana na mtu amevaa kitu alichoshona. Alichukua vipimo kwa ile futi yake ya kitambaa, akachora kwa magunia, akakata, tukaenda kwa fundi mmoja Athi River mwenye mashine ya turubai za malori. Fundi akampisha kiti. Mathe alishona saa 5 bila kuinuka.

Siku hizi wenzake wakitoka shifti jioni wanapita kwetu kuangalia. Wanashika mshono, wanauvuta, wanatingisha kichwa. Hao ni watu wanaojua mshono kuliko mtu yeyote huko Ngong.

Hiyo ndiyo maana ya hii posti. Huku kwetu hata jina la mtaa linasema: vitu vinatengenezwa viende nje. Sina shida na hiyo, ndiyo imetulisha. Lakini familia inahitaji walau kitu kimoja imekitengeneza kikabaki, ambacho hakiuzwi, hakihesabiwi kwa saa, na ambacho mtu akikosea anarudia tu Jumamosi ijayo. Si lazima kiwe gari. Kwenu inaweza kuwa cherehani ya nyanya, redio ya buda, baiskeli ya Black Mamba imening'inia stoo.

Breki bado hazijakaa sawa na taa ya kushoto inawaka ikitaka, kwa hivyo msiniulize lini tunaenda rodi. Niambieni tu hapa chini: nyumbani kwenu ni kitu gani kimelala, na nani bado yuko hai anajua vile kilikuwa kinafanya kazi? Muulizeni mapema.