Theluji Haijafika Rabai

Ukiingia duka la matairi leo, Mombasa au Mazeras, ukasema unatafuta manne ya Mark X, utaulizwa maswali mawili: saizi gani, na una ngapi. Ukisita kidogo muuzaji anakumalizia: "Chukua hizi boss, ni ol-sizoni." Misimu yote. Unakubali, maana nani atakataa kitu cha misimu yote? Unalipa, unafungiwa, unapiga picha, unaposti. Swali la tatu halikuulizwa, na hilo ndilo langu: misimu ya nani?

Misimu yetu tunaijua bila kuandikiwa ubavuni mwa mpira. Kuna kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, lami ya barabara ya Nairobi inapochemka mpaka unaona mvuke ukicheza mbele ya macho. Kuna masika, Aprili na Mei, mvua inapoangushwa kama ndoo iliyopinduliwa. Kuna kusi na upepo wake, kuna vuli na mvua zake fupi ambazo mwaka mwingine si fupi hata kidogo. Muulize yeyote aliyekuwa Pwani Novemba 2023. Joto na maji. Hiyo ndiyo kalenda yetu yote. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya dukani, ya kutia kwenye soda.

Jina la "misimu yote" lilizaliwa kwingine. Mwaka 1977 kampuni ya Goodyear ilileta sokoni huko Marekani tairi lililoitwa Tiempo, na kwa watu wa huko lilikuwa wazo la maana. Mwenye gari kwenye majimbo ya baridi alikuwa na seti mbili, moja ya kiangazi na moja ya theluji, na kila mwaka anafunga na kufungua. Tiempo ikamwambia: weka hili moja, tembea nalo Januari hadi Disemba. Ndiyo maana kwenye ubavu wa matairi ya aina hii utakuta herufi M+S. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, maana yake matope na theluji. Hilo tairi liliahidi kumfikisha mtu kazini theluji ikianguka. Halikuahidi kitu chochote kuhusu Mariakani saa saba mchana mwezi wa Februari.

Rabai na theluji zina historia, tena ya kuchekesha. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka hapa Rabai kwa miguu hadi nchi ya Wachagga, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Mtu aliyemwongoza hakuwa na jina la kitu kile, akakiita baridi tu. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Wasomi wa jiografia waliokaa London wakampinga: theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Sasa tazama tulipofika. Zamani zile habari ya theluji ilitoka Rabai na wakubwa wa Ulaya wakaikataa. Leo theluji inaletwa Rabai ikiwa imechorwa kwenye mpira, na sisi tunaikubali bila hata kuuliza bei ya ukweli.

Sifanyi mzaha. Magari yetu mengi ni mtumba wa Japani, na Japani kuna mikoa kama Hokkaido ambako theluji ni jambo la kila mwaka. Gari linaweza kushuka bandarini likiwa bado limevaa viatu vya baridi. Ukiona neno STUDLESS limechapwa ubavuni, hilo ni tairi la barafu. Ukiona mchoro wa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo limepimwa kwenye theluji na likafaulu. Hongera kwalo, lakini mtihani si wetu. Mpira wa tairi la barafu umechanganywa uwe laini ili usikakamae kwenye baridi kali. Ulete kwenye lami ya kaskazi uone. Unalika upesi, gari linalegea kwenye kona, na ukikanyaga breki linachelewa kusimama. Halafu mtu atakwambia, "Hizi ni ex-Japan, original kabisa." Ni original kweli, ila ya nchi nyingine.

Sisemi tairi la misimu yote ni baya. Mengine yana mshiko mzuri sana kwenye mvua, na mvua tunayo. Ninachosema ni kwamba jina hilo halikujibu swali lolote la kwetu. Kuchagua tairi kwa jina ni sawa na kununua dafu kwa rangi ya ganda. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, si mhandisi, na habari njema ni kwamba hapa huhitaji digrii. Tairi limeandikwa kila kitu. Linataka mtu wa kuinama.

Anza na umri. Ubavuni tafuta herufi DOT, ufuate mstari hadi tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Basi. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo bila kutembea. Hukauka, hupasuka mipasuko midogo kama ngozi ya kisigino. Serikali yetu hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini, na sote tunaijua sheria hiyo, tunabishana juu yake kila mwaka. Lakini ni nani kati yetu anayeuliza tairi lina miaka mingapi? Tunadai cheti cha kuzaliwa cha gari, halafu tunalivisha mpira wa babu yake.

Kisha soma joto na maji. Matairi mengi yana herufi mbili zilizofuatana na maneno TRACTION na TEMPERATURE. La kwanza ni jinsi linavyoshika lami iliyolowa gari likisimamishwa: AA ndiyo bora, inafuata A, halafu B, halafu C. La pili ni jinsi linavyovumilia joto: A, B, C. Kwa misimu yetu, hizo herufi mbili zina maana kuliko jina lolote. Mtu wa kaskazi na masika hana sababu ya kukubali C.

Halafu angalia mifereji. Ile mistari iliyochimbwa usoni mwa tairi si pambo. Kazi yake ni kutoa maji chini ya gurudumu. Tairi likiwa kipara maji hayana pa kwenda, gari linapanda juu yake na kuelea, na hapo usukani ni kama wa mtoto kwenye gari la plastiki. Unazungusha, hakuna kinachokusikia. Ndani ya mifereji mna vijiti vidogo vya mpira vilivyoinuka. Tairi likilika mpaka likalingana na vijiti hivyo, zimebaki milimita 1.6, nalo limekwisha. Halihitaji maombi. Linahitaji kutolewa.

Mwisho, upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja huzaa joto kutoka ndani, likakutana na joto la lami kutoka nje. Ndipo husikia mlipuko. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko upande wa mlango wa dereva, hakipatikani kwa kupiga tairi teke.

Sasa tuje kwa wenyewe. Najua mnaosoma hapa. Wengine wenu mnayo hiyo Mark X, V6 ya lita 2.5, au Subaru, au mnaiota usiku. Wikendi mnapanga msafara Mombasa, Kilifi, Watamu, Malindi. Sina neno na furaha hiyo. Neno langu ni mahali pesa inapoanzia. Inaanzia kwenye rimu. Gari lilitoka kiwandani na tairi la 215/60 R16, mpira wenye kimo cha kuvumilia shimo. Linavuliwa, linavishwa rimu za inchi 18 au 19 na mpira mwembamba kama ukanda. Kisha muziki. Kisha ekzosi ya kunguruma. Kisha stika. Pesa ikiwa imekwisha, ndipo mtu anakumbuka kwamba rimu haikanyagi chini yenyewe, anatafuta mpira wa mtumba uliobaki meno mawili. Wahenga walimsema huyu kabla hajazaliwa: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wapo pia wanaonunua mawili mapya na kuacha mawili ya zamani, halafu mapya wanayafunga mbele kwa sababu ndiko yanakoonekana. Mawili mapya hufungwa nyuma, maana nyuma ikiteleza huirudishi, na Mark X nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Na wewe wa Subaru inayovuta magurudumu yote manne, kwako hakuna kuchanganya. Tairi moja likipishana kimo na mengine, magurudumu hayazunguki sawa, na mzigo unaliangukia gia. Nazi mbovu harabu ya nzima. Watu wa Rabai tunaishi kwa mnazi, hatuhitaji kufafanuliwa methali hiyo.

Utaniambia pesa hakuna. Nakuelewa. Kuna mwenye Probox anayebeba abiria alfajiri hadi usiku, anayenunua mtumba kwa sababu ada ya shule inamsubiri nyumbani. Huyo simtupii jiwe. Ugomvi wake ni na soko ambalo limemwachia chaguo baya na baya zaidi. Nairobi tulikuwa na kiwanda cha matairi, kile cha Yana, kilichosimamisha kazi mwaka 2016, na tangu hapo tunategemea meli itushushie nini. Lakini wewe wa rimu za kung'aa pesa ulikuwa nayo. Uliipanga tu. Uliweka macho ya watu kwanza na miguu ya gari mwisho.

Utaniambia pia tairi lako ni la V, limejengewa kilomita 240 kwa saa. Ni kweli, V ni 240, na H ni 210. Hiyo ni namba ya kiwanda kwa tairi jipya lenye upepo kamili. Si ruhusa. Na tairi la miaka kumi lenye herufi V ni kama bondia mstaafu mwenye mkanda ukutani.

Na najua la mwisho utakalosema: wewe una gari gani? Sina. Ndiyo maana naandika. Mimi ni yule unayempita. Barabara ya kutoka Mazeras kupitia Rabai hadi Kaloleni inapanda, inateremka, inakata kona, na kandokando yake ndiyo njia yetu ya miguu. Hapo wanapita watoto wa shule, anapita mama na ndoo kichwani, anapita mgema na vibuyu vyake, inapita boda na watu watatu. Kwa miaka ya karibuni barabara za Kenya zimeua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu. Sisi tusio na gari ndio tunaolipa tofauti ya bei ya tairi lako. Hatukuulizwa saizi wala tuna ngapi.

Kile kinachoshika ardhi chini ya gari lako zima, injini, muziki, marafiki watano na wewe, ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikubwa kama kiganja. Viganja vinne kati ya bampa lako na mtoto aliyekimbiza mpira wa makaratasi hadi barabarani. Ukiwa huna imani na viganja hivyo mvua ikinyesha, hilo gari si la michezo. Ni la kamari, na dau si lako.

Basi nina ombi, na nalitoa kwa ukali kwa sababu upole haujafanya kazi. Kabla ya kuuliza bei, inama usome mwaka. Kabla ya kuuliza rimu, uliza herufi ya maji na herufi ya joto. Likiwa na STUDLESS, lirudishe hata kama ni bure. Muuzaji akikwambia ni la misimu yote, mwambie akutajie misimu hiyo kwa majina. Asipotaja kaskazi na masika, hazungumzi na wewe.

Na yale ya zamani ukishayavua, usimuuzie mwenzako. Mpelekee fundi wa akala. Atayakata, atayapigilia misumari, na mzee fulani atayavaa kwenda shambani miaka mingine kumi. Kwa mwendo huo, tairi kuukuu halimdhuru mtu.