Gunia la mboga linasaidia, lakini halifungui njia ya shamba

Mjini Goma, mtu akitaka kuchimba shimo anatafuta mtaimbo kabla ya jembe. Mji umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilifika Buhene. Katika mitaa mingi udongo wa kulima ni mchache kuliko mawe. Hata hivyo, ukipita Ndosho, Majengo ao Mugunga, utaona lengalenga, vitunguu na seleri vikiota ndani ya magunia, mabeseni yaliyotoboka na bidoni zilizokatwa, karibu na mlango wa jikoni.

Tuseme wazi: wakaaji hao wana haki, na wengine wawafuate.

Goma inakula vitu vinavyotoka mbali. Maharagi na viazi vinatoka Masisi na Rutshuru, kabichi inashuka kutoka Kibumba, na mizigo mingine inakuja kwa mashua mpaka Kituku. Risasi zikilia kwenye barabara ya Sake, bei inapanda sokoni Virunga kabla hata ya habari kuthibitishwa. Na tangu AFC/M23 ilipoutwaa mji mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukasimama, na watu wengi wakabaki bila mshahara. Mwezi wa Machi mwaka huo, FAO na PAM walitangaza kwamba watu karibu milioni 28 katika Kongo nzima wanakabiliwa na njaa kali. Mama anayekwenda sokoni na franka chache hahitaji kuelezwa maana ya hesabu hiyo.

Gunia linaleta nini basi? Tusidanganyane. Haliwezi kushibisha jamaa. Bugali haioti mlangoni. Lakini mboga ikitoka mlangoni, pesa ya mboga inaongezwa kwenye unga. Lengalenga inaanza kuliwa baada ya juma tatu ao nne, na ukikata juu bila kung'oa mzizi, inachipuka tena. Tena gunia lina faida moja ambayo shamba halina: mpangaji akifukuzwa nyumbani, anaweza kulihamisha kwa chukudu.

Kazi yenyewe haihitaji mradi wa shirika. Chukua gunia la unga ao la mchele lililoisha kazi. Simamisha katikati yake mkebe uliotobolewa pande zote mbili, ujaze mkebe changarawe, kisha uuzungushie udongo uliochanganywa na mbolea ya ng'ombe, ya mbuzi ao ya maganda ya jikoni yaliyooza vizuri. Vuta mkebe juu kidogo kidogo, ujaze tena, mpaka gunia lijae. Changarawe ile ya katikati inapeleka maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda mboga ndani yake na juu pia. Changarawe, kwa bahati, ndiyo kitu ambacho Goma haijawahi kukosa.

Shida kubwa ni maji. Kuanzia Juni mpaka Agosti mvua inapungua, na bidoni ya lita 20 inanunuliwa. Maji ya kusafishia mchele, maharagi na mboga yasimwagwe, yanyweshe gunia. Lakini maji ya choo ao ya mtaro hapana, hata kidogo. Kolera tunaijua mjini hapa. Na mboga zioshwe kwa maji yaliyotiwa dawa, kisha zipikwe vizuri.

Wenye nyumba nao tunawaambia neno. Wengine wanakataza wapangaji kuweka hata gunia moja uani, eti uwanja utachafuka. Gunia tatu kando ya ukuta haziharibu kitu. Mpangaji aliyekula ndiye atakayepata nguvu ya kutafuta pesa ya nyumba. Shule na makanisa yenye viwanja vipana yanaweza pia kutoa pembe moja kwa jamaa zisizo na uwanja kabisa.

Hapo ndipo tunapokataa jambo moja. Katika nchi hii, kila mara wakubwa wanaposhindwa kazi yao, raia anaambiwa «kifungu cha 15»: jitafutie. Tumejitafutia barabara, tumejitafutia maji, tumejitafutia umeme. Sasa tusikubali mtu atuonyeshe magunia yetu na kusema kwamba Goma imejifunza kuishi bila Masisi. Mkulima wa Masisi halimi kwenye gunia. Ana mlima mzima wa udongo mweusi, na tatizo lake ni kuufikia. Februari 2025, kambi za pembeni mwa Goma zilipovunjwa, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi walirudi vijijini wakiwa mikono mitupu, bila mbegu wala jembe, na vita vilikuwa bado havijaisha.

Kwa hiyo madai yetu yako mbele ya kila anayeshika silaha na kila anayeketi kwenye meza ya mazungumzo, bila kuchagua kambi. Mkulima aachwe alime na avune. Bariyeri zinazotoza kila gunia la maharagi njiani ziondolewe, maana pesa ile mlipaji wake wa mwisho ni mama wa sokoni. Na mbegu zifike vijijini kabla ya mvua za Septemba, si baada yake. Mbegu inayochelewa inaishia kwenye sufuria.

Tupande basi. Juma hili, kila mwenye gunia tupu alijaze udongo. Lakini tukinywesha mboga asubuhi, tusiache kuuliza kwa sauti: njia ya shamba itafunguliwa lini?